Akitoka Minneapolis Alhamisi, Kibosho Atafika Lini?

Huku Kibosho, mtu mzima akifariki, siku ya kumzika haipangwi na parokia peke yake. Inapangwa pia na ratiba ya ndege. Turubai likishafungwa uani na wazee wakishakaa kwenye viti vya kukodi, mwenyekiti wa kamati ya mazishi huuliza: walioko nje ni wangapi, na wa mbali kuliko wote yuko wapi? Wakisema Dar es Salaam au Mwanza, hesabu ni nyepesi. Wakisema Marekani, mara nyingi naitwa mimi. Nilifundisha jiografia sekondari mpaka nilipostaafu, na nusu ya kamati walipita darasani kwangu.

"Shikamoo, mwalimu. Binti anatokea Minneapolis. Baba yake tumzike Ijumaa au Jumamosi?"

Hilo swali si dogo. Kwetu mtu anazikwa kwenye kihamba chake, katikati ya migomba aliyoipanda, na mtoto wake anatakiwa awepo kutupa udongo. Nimeona mtoto akifika kaburi limeshafunikwa na maua yameshawekwa, eti kwa sababu mtu fulani alisoma tiketi vibaya. Kidonda cha namna hiyo hakiponi kwa pole. Ndiyo maana naichukulia hesabu hii kwa uzito wote, na ndiyo maana naiandika hapa, ili anayeitwa kwenye kamati nyingine, Rombo au Machame au popote, awe na pa kuanzia.

Nianze na umbali. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao sisi tunauita KIA tu, hadi uwanja wa Minneapolis–Saint Paul katika jimbo la Minnesota, kwa njia fupi kuliko zote, ni kilomita 13,340 hivi. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo, kwa hiyo binti yule anaishi theluthi nzima ya dunia kutoka kwenye kihamba cha baba yake. Na kwa kuwa dunia ni mviringo, hakuna mahali unapoweza kuwa mbali na nyumbani zaidi ya kilomita 20,000 hivi. Ukivuka hapo, unaanza kurudi kwa upande wa pili.

Lakini njia fupi ni ipi? Wanafunzi wangu walikuwa wakiweka rula kwenye ramani ya ukutani na kuchora mstari: Kongo, Kameruni, Nigeria, Burkina Faso, halafu Bahari ya Atlantiki. Ramani ya ukutani imelazimisha kitu cha mviringo kilale bapa, na ndipo inapopotosha. Chukua tufe. Bana ncha ya uzi kwa kidole hapo Kilimanjaro, ncha nyingine uiweke Minneapolis, halafu uvute mpaka uzi ukaze. Uzi utakimbilia kaskazini. Utakata Sahara, uingie Hispania na Ureno, uvuke Atlantiki ya kaskazini, ufike Kanada karibu na kisiwa cha Newfoundland, ndipo ushuke kuelekea Minnesota. Nusu ya safari inaangukia Ureno. Darasani nilikuwa nawaacha wavute wenyewe, zamu kwa zamu, kwa sababu mtu haamini mpaka uzi ukaze mkononi mwake.

Hakuna ndege ya abiria inayoruka moja kwa moja kati ya viwanja hivi viwili. Lazima ushuke mahali ubadilishe, na mahali hapo ndipo panapoamua mambo mengi. Kwa watu wa Kilimanjaro njia iliyozoeleka zaidi ni Amsterdam, maana ndege za KLM zimetua KIA kwa miaka mingi zikitokea huko. KIA hadi Amsterdam ni kilomita 6,900. Amsterdam hadi Minneapolis ni kama 6,690. Jumla 13,590. Tazama ajabu ya hesabu hiyo: Amsterdam iko zaidi ya kilomita 1,600 pembeni mwa ule uzi, lakini kupitia kwake kunaongeza kilomita 250 tu, mwendo wa ndege usiofika dakika ishirini. Safari zikiwa ndefu kiasi hiki juu ya kitu cha mviringo, kukengeuka kidogo katikati hakugharimu sana.

Njia nyingine zinagharimu zaidi. Ukipitia Washington na Addis Ababa ni kama kilomita 14,400. Ukipitia Chicago na Doha ni 15,500 na ushee. Hata hivyo sipendi mtu achague tiketi kwa kilomita peke yake. Ile ya Addis ina jambo linalowachanganya wengi: kutoka Washington kwenda Addis ndege inaweza kuruka bila kutua, lakini kutoka Addis kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta. Umbali ni uleule. Kinachotofautiana ni mahali pa kurukia. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mabawa na injini hazipati nguvu za kutosha kuinua ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka Atlantiki. Basi inaruka na mafuta pungufu, inajaza njiani. KIA yenyewe iko mita 894, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6, kwa hiyo kwetu tatizo hilo si kubwa.

Hapo niseme neno kuhusu Minnesota, maana wapo wanaodhani mahali hapo hapana uhusiano wowote na sisi. Kreta iliyoko juu ya Kibo inaitwa Reusch, kwa jina la Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyeupanda mlima huu mara nyingi na ambaye mwaka 1926 alimwona kule juu chui aliyekauka kwenye barafu. Uzee wake ulimkuta Minnesota, akifundisha katika chuo cha Gustavus Adolphus. Siku hizi msafara umegeuka. Watoto wetu ndio wanaokwenda, na wale ninaowafahamu mimi wengi ni wauguzi.

Safari hizi zimebadilisha hata msiba wenyewe. Nilipokuwa mtoto, aliyefariki leo alizikwa kesho, na ndugu wa mbali alipata habari kwa barua, akalia huko aliko. Si kwamba ndege hazikuwepo. Mwaka 1932 Imperial Airways ya Waingereza ilipoanza kubeba abiria kutoka London hadi Cape Town, Moshi ilikuwa kituo kimojawapo, baada ya Nairobi na kabla ya Dodoma. Ndege zile zilitua kila baada ya saa chache, abiria walilala hotelini usiku, na safari nzima ilichukua kama siku kumi na moja. Hazikuwa za watu wa kihambani. KIA ilifunguliwa Desemba 1971, na umuhimu wake ulionekana haraka: Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka ile yote, mtu wa Moshi ambaye angeona ni rahisi kwenda Nairobi kupanda ndege ya Ulaya hakuwa na njia hiyo. Mochwari ya kuaminika, simu ya mkononi na uwanja ulio chini ya saa moja kutoka Moshi mjini, vitu hivyo vitatu vikikutana, ndipo familia zikaanza kusema: tumngoje.

Sasa muda. Ndege kubwa za abiria angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawa 6,900 kwa 900 utapata saa saba na dakika arobaini, lakini tiketi inasema saa nane na robo au zaidi. Tofauti hiyo ni ya kutambaa uwanjani, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kuzunguka pale pasipopitika. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga la nchi ile lilifungwa kwa ndege za kiraia, na Sudan ndiyo iliyolala katikati ya njia ya kutoka Ulaya kuja kwetu. Ndege ikizunguka, dakika zinaongezeka, na ratiba ya mwaka ule haifanani na ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo usichukue tiketi ya zamani ya shemeji yako ukaifanya kipimo.

Kisha kuna upepo. Juu kule, kilomita kumi na kuendelea, katika latitudo za Ulaya na Marekani kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, hasa majira ya baridi. Anayetoka Minneapolis kuja Amsterdam anasukumwa nao, anatumia kama saa nane. Anayerudi anapambana nao, anatumia karibu tisa. Kipande cha Amsterdam na KIA kinaelekea kusini zaidi kuliko mashariki, kwa hiyo upepo huo haukigusi sana.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza swali ambalo mpaka leo nalipenda. "Mwalimu, kama dunia inazunguka kwenda mashariki, kwa nini ndege isisimame tu angani, ingoje Minneapolis ije chini yake?" Hapa kwetu, karibu na ikweta, ardhi inakwenda mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kijana alikuwa ameshapiga hesabu: saa chache tu, Marekani imefika. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege inaruka ndani ya hewa hiyo. Nzi aliyeingia ndani ya basi la Dar pale stendi ya Moshi akiruka juu ya viti hagongwi na kioo cha nyuma; anafika Dar na abiria wenzake. Ndege ikisimama angani, ingekuwa juu ya Boma Ng'ombe saa zote.

Nimefika sasa mahali ambapo misiba huharibika, nayo ni saa za tiketi. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale pale ilipoandikiwa: ya kuondoka ni ya Minneapolis, ya kutua ni ya Kilimanjaro. Ukitoa moja kwa nyingine bila kuzisawazisha, unapata namba isiyo na maana. Wakati wa baridi yao, sisi tuko mbele ya Minneapolis kwa saa tisa, na mbele ya Amsterdam kwa saa mbili. Wakati wa kiangazi chao wanasogeza saa mbele, tofauti inakuwa nane na moja. Tena hawasogezi siku moja: Marekani inaanza katikati ya Machi, Ulaya inafuata mwisho wa mwezi, na wakati wa kurudisha, Ulaya inatangulia mwisho wa Oktoba, Marekani inafuata Novemba. Katika wiki hizo za katikati, piga hesabu mara mbili. Sisi hatusogezi chochote, jua letu halina haja.

Mtego mbaya kuliko wote uko usiku wa manane. Tiketi ikisema ndege inatua Jumamosi saa 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa mazungumzo yetu ya kila siku huo ni usiku wa Ijumaa. Ipo familia moja jirani iliyokwenda KIA na gari mbili usiku wa Jumamosi, kumbe mgeni wao alishatua jana yake, akakaa kwenye benchi mpaka kulipokucha. Siku hizi nikiulizwa, naandika kwenye karatasi kwa maneno kamili: "tuwe uwanjani Ijumaa, saa tano na nusu usiku." Namba za tiketi siziachi zijisemee.

Turudi kwa yule binti. Baba alifariki Jumatatu usiku. Jumanne dada zake walimtafutia tiketi, na ilikuwa Januari. Nikakaa na mwenyekiti pembeni ya jiko la msiba, moshi ukitufuata kila tulipohamisha viti, nikachora safu tatu kwenye daftari la rambirambi upande wa nyuma: saa ya Minneapolis, saa ya Amsterdam, saa yetu.

Ndege inaondoka Minneapolis Alhamisi saa tisa na nusu alasiri. Kwetu tayari ni Ijumaa, saa sita na nusu usiku. Saa nane angani, anatua Amsterdam saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya huko, kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Anangoja mpaka saa nne na robo ya huko. Saa nane na dakika ishirini nyingine, anatua KIA saa mbili na dakika thelathini na tano usiku wa Ijumaa. Ukisoma tiketi kwa haraka, kutoka Alhamisi saa tisa na nusu hadi Ijumaa saa mbili na nusu usiku ni saa ishirini na tisa. Ondoa zile tisa za tofauti, inabaki ishirini. Na katika hizo ishirini, angani ni kumi na sita na kitu. Zilizobaki ni za benchi la Amsterdam.

Mwenyekiti akasema, "Basi saa mbili na nusu yuko hapa."

Hapana. Saa mbili na nusu yuko kwenye lami ya KIA. Nje hakuonekani kitu. Mlima umelala gizani, na wale waliokuja kuupanda wanachungulia madirishani bure. Kuna foleni ya pasipoti. Kama amechukua uraia wa Marekani, basi wa Tanzania umekwisha, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika viwili, na ataingia nyumbani kwao kwa viza. Heri aiombe kwa mtandao kabla ya kuondoka. Kisha mizigo. Kisha njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe, vibao vya hamsini kila penye nyumba, Moshi mjini, ndipo gari lianze kupanda Kibosho. Nikaandika: saa tano usiku. Na upande wa pili aliondoka nyumbani kwake saa sita mchana, kwa kuwa uwanja mkubwa unataka ufike saa tatu kabla. Mlango hadi mlango ni saa ishirini na sita.

Kamati ilikuwa imepanga misa Jumamosi saa nne asubuhi. Kwa daftari lile angewahi. Lakini Januari Minneapolis ni barafu tupu. Baridi inaweza kushuka nyuzi ishirini chini ya sifuri, na kabla ya kuruka ndege inanyunyiziwa dawa ya moto ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa, kwa zamu, ndege moja baada ya nyingine. Siku ya theluji nzito foleni hiyo inakula saa nzima na zaidi. Akichelewa kutoka, ile nafasi ya Amsterdam inaliwa, na ndege ya Kilimanjaro haimngoji mtu. Nikamuuliza mwenyekiti: akiikosa, afanyeje? Njia iliyokuwepo ni kupewa nafasi kwenye ndege ya Nairobi ya jioni. Atue Nairobi Jumamosi alfajiri, halafu ama apate ndege ndogo ya kuja KIA, ambayo ni kilomita 235 na haifiki saa nzima, ama achukue gari kupitia Namanga na Arusha, kama kilomita 350 pamoja na foleni ya mpakani. Kwa gari angefika kwetu saa saba au nane mchana.

"Basi tuweke misa saa nane," akasema. Akafuta saa nne kwenye tangazo, akamtuma kijana parokiani kumwona paroko, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kazi yangu ikaishia hapo. Napenda kila kamati ifanye hivyo: isipange kwa ile saa ya ndege ikifika salama, ipange kwa saa ya ndege ikikosekana.

Mwili wenyewe ukisafirishwa kutoka ng'ambo ni hesabu ya aina nyingine kabisa. Kilomita hazina kazi pale. Kinachohesabiwa ni siku za kutayarisha mwili na kupata vibali, cheti cha kifo na karatasi za ubalozi wetu Washington, na nafasi ya mizigo kwenye ndege. Kamati isitangaze tarehe mpaka iwe na namba ya mzigo mkononi.

Binti alifika Ijumaa, saa tano na robo usiku. Alizika Jumamosi. Jumapili saa kumi na moja jioni gari lilikuwa limeshawashwa, kwa sababu Jumatano alitakiwa kazini wodini. Kurudi kulikuwa kurefu zaidi. Ndege ile, kama ilivyofanya kwa miaka mingi, ilitoka KIA kwanza ikashuka Dar es Salaam, kilomita 450 upande usio wake, ikachukua abiria wengine, ndipo ikageuka kwenda Amsterdam, kilomita 7,345. Huko kuzunguka Dar kunaongeza kilomita karibu 900 na saa mbili na zaidi ukijumlisha na kungoja uwanjani. Kwenye tiketi, kutoka Jumapili saa tatu na nusu usiku hadi Jumatatu saa nane mchana, inaonekana saa kumi na sita na nusu. Ongeza zile tisa, ni ishirini na tano na nusu. Mlango hadi mlango, thelathini na mbili. Nilijumlisha baadaye: alikuwa njiani saa hamsini na nane ili akae nyumbani saa arobaini na mbili. Na aliona zimemtosha.

Mama yake naye anatarajiwa kwenda huko mwezi wa nne kukaa na wajukuu. Alinijia juzi na begi jipya na maswali. Hakuuliza kilomita. Aliuliza miguu yake itakuwaje.

Nilimwambia nilichokiona nilipokwenda kumlea mjukuu wangu. Mbele ya kiti kuna kioo kidogo kinachoonyesha ndege ilipo, na namba zake zinatisha: urefu mita 11,000, karibu mara mbili ya Kibo, ambayo ni mita 5,895, joto la nje nyuzi 54 chini ya sifuri. Ndani hujisikii huko, kwa sababu hewa inasukumwa humo mpaka iwe kama ya mahali pa mita 2,000 hadi 2,400 hivi. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 na Mandara 2,700, kwa hiyo mwili unakaa saa nane mahali fulani kati ya lango na kibanda cha kwanza, bila kutembea. Ndiyo sababu miguu inavimba na midomo inakauka. Avae viatu vinavyolegezwa, anywe maji kila yakipitishwa, na kila baada ya saa moja au mbili asimame atembee hadi nyuma ya ndege na kurudi, asione haya kumwamsha jirani.

"Na saa yangu ya mkononi, mwalimu?"

Nikamwambia asiiguse mpaka afike. Kwa saa ya Kibosho atajua lini ale dawa yake ya presha, kokote atakakokuwa angani. Akifika amwachie binti yake aibadilishe: mwezi wa nne watakuwa wameshasogeza, Minneapolis itakuwa nyuma yetu kwa saa nane, si tisa. Nimemwandikia hivyo kwenye karatasi, pamoja na saa za kumeza dawa, na karatasi ameishona ndani ya mkoba.